Gesi ya mwamba tope na frakingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu habari tunazosoma na maoni ya watu

Wengi wetu tulisikia habari za frakingi kabla hatujajua ni kitu gani. Mmoja aliona video ya maji ya bomba yakiwaka moto, mwingine alisoma kwamba gesi imegunduliwa ya kutosha vizazi kadhaa, wa tatu akasikia kuwa nchi fulani imepiga marufuku. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kila mjadala huu unapoibuka.

Frakingi ni nini, kwa ufupi?

Ni njia ya kupasua mwamba ulio chini sana ardhini kwa kusukuma ndani yake maji, mchanga na kemikali kwa shinikizo kubwa, ili gesi au mafuta yaliyonaswa humo yapate upenyo wa kutoka. Mwamba unaolengwa zaidi ni mwamba tope, yaani tope la kale lililogandamizwa kwa mamilioni ya miaka hadi likawa jiwe la matabaka membamba. Gesi imo ndani, ila vitundu inamokaa ni vidogo mno na havijaungana, hivyo kisima cha kawaida hakiivuti. Mchanga hubaki katika nyufa na kuzizuia zisijifunge.

Njia yenyewe ni ya zamani. Ilijaribiwa Kansas mwaka 1947 na ikaanza kutumika kibiashara mwaka 1949. Kilichogeuza mambo ni kazi ya kampuni ya George Mitchell katika mwamba wa Barnett, Texas, ambako mwishoni mwa miaka ya 1990 wahandisi walipata mchanganyiko wa maji mengi na kemikali kidogo uliofanya kazi kwa gharama nafuu. Mchanganyiko huo ulipoungana na uchorongaji wa mlalo, ambapo kisima hushuka wima kilomita mbili au zaidi kisha hupinda na kulifuata tabaka la mwamba, uzalishaji wa gesi Marekani ukapaa. Texas ilichimba kwa miaka bila kelele nyingi za kitaifa. Kelele zilikuja mitambo ilipofika Pennsylvania, kwenye mwamba wa Marcellus, jirani na miji yenye magazeti makubwa na mabonde yanayoinywesha New York.

Kampuni husema frakingi haijawahi kuchafua maji ya kunywa. Wakazi husema visima vyao vimeharibika. Nani anadanganya?

Mara nyingi hakuna anayedanganya, na hilo ndilo linalofanya mjadala huu uwe mgumu kuliko unavyoonekana.

Mhandisi anaposema frakingi anamaanisha hatua moja tu: siku chache ambazo maji yanasukumwa ndani na mwamba unapasuka. Mkazi anaposema frakingi anamaanisha kila kilichokuja na mradi: malori usiku na mchana, uchorongaji, saruji inayozungushiwa mabomba, mabwawa ya maji machafu, moshi wa jenereta, na maji taka yenye chumvi yanayorudi juu na kuhitaji pa kutupwa. Maneno hayo mawili yanafanana kwa sauti tu.

Kwa maana finyu ya mhandisi, kauli ya kampuni ina msingi. Kwa kawaida nyufa hupasuliwa mbali sana chini ya maji ya kunywa, na katikati kuna mamia ya mita za miamba. Ila maji ya kisima cha nyumbani huharibika kwa njia nyingine. Saruji ikishikana vibaya, gesi hupanda kandokando ya bomba. Bwawa likipasuka, maji machafu huingia kijitoni. Lori likipinduka, kemikali humwagika barabarani. Mtu anayekunywa maji hayo hapati nafuu yoyote kwa kuambiwa kuwa uharibifu ulitokea hatua ya tatu na si ya tano.

Chukua mfano wa Dimock, kijiji cha Pennsylvania. Siku ya mwaka mpya wa 2009 kisima cha maji cha mkazi mmoja kililipuka kwa gesi iliyokuwa imejikusanya ndani yake. Mamlaka ya mazingira ya jimbo ilihitimisha kuwa methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hii, ilikuwa imehama kutoka kwenye visima vya gesi vilivyojengwa kwa kasoro. Kampuni iliyovichimba, Cabot, ilikana kwa miaka mingi. Novemba 2022 kampuni iliyoirithi, Coterra, haikupinga shtaka mahakamani na ikakubali kulipia mradi wa bomba la maji safi kwa zaidi ya dola milioni 16. Wakazi walisubiri karibu miaka 14.

Sasa gazeti moja likiandika kuwa frakingi imechafua maji ya Dimock, na lingine likaandika kuwa hakuna ushahidi kwamba frakingi yenyewe ilichafua maji hayo, yote mawili yana pa kujitetea. Kwa maoni yangu la pili lina lawama kubwa zaidi. Mwandishi wake anajua vizuri msomaji atakavyoielewa sentensi hiyo, na anajua kuwa sivyo ilivyokuwa.

Je, ile video ya maji ya bomba yanayowaka moto ni ya kweli?

Moto ni wa kweli. Video iliyosambaa zaidi inatoka kwenye filamu ya Gasland ya Josh Fox, iliyotoka mwaka 2010 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na ilipigwa katika wilaya ya Weld, Colorado. Ubishi uko kwenye chanzo cha gesi.

Methani ina asili mbili. Ipo inayotengenezwa na bakteria karibu na uso wa ardhi, kwenye vinamasi na kwenye matabaka ya makaa ya mawe yasiyo na kina. Na ipo inayopikwa na joto kilomita kadhaa chini, ambayo ndiyo kampuni huitafuta. Maabara huzitofautisha kwa kupima uwiano wa isotopu za kaboni, yaani aina za kaboni zinazotofautiana kwa uzito, na kwa kuangalia kama kuna ethani, gesi ya jamii ya methani, pembeni yake, kwa kuwa bakteria karibu hawatengenezi ethani kabisa. Tume ya mafuta na gesi ya Colorado ilieleza kuwa gesi ya bomba lile maarufu ilikuwa ya bakteria, kwa sababu kisima cha maji kilipita kwenye matabaka ya makaa. Tume hiyohiyo ilisema pia kuwa kisima kingine kilichoonyeshwa katika filamu kilikuwa na mchanganyiko wa gesi za aina zote mbili. Sehemu hii ya pili hunukuliwa mara chache sana.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha vipimo vya visima vya maji vya Pennsylvania na New York. Walikuta methani nyingi zaidi katika visima vilivyo ndani ya kilomita moja kutoka kisima cha gesi, na alama zake zilielekea kwenye gesi ya kina. Hawakukuta dalili za vimiminika vya kupasulia mwamba. Vichwa vya habari vilichukua nusu moja au nyingine, kutegemea nani aliandika.

Nguvu ya filamu ile haipimiki kwa bomba moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la American Sociological Review ulifuatilia mahali ilipoonyeshwa hadharani katika eneo la Marcellus, ukakuta kuwa mazungumzo na maandamano ya wenyeji yaliongezeka, na hayo yakachangia manispaa kupitisha makatazo. Watetezi wa sekta nao walilishika bomba la Colorado kama jibu la kila kitu: lile si letu, basi hakuna kisima chochote kilichoharibiwa. Hilo haliwatendei haki watu wa Dimock, ambao gesi yao haikuwa ya bakteria.

Ripoti kubwa ya serikali ya Marekani ilisema nini hasa? Nimesoma kuwa ilisafisha jina la frakingi, na pia kuwa iliishutumu.

Umesoma matoleo mawili ya ripoti moja. Rasimu ya Shirika la Ulinzi wa Mazingira, EPA, ilitoka Juni 2015. Muhtasari wake ulisema shirika halikupata ushahidi wa athari zilizoenea na za kimfumo kwa maji ya kunywa. Sentensi hiyo moja ikawa habari yenyewe, ingawa kurasa zilizofuata zilieleza visa ambavyo maji yaliathirika kweli.

Bodi ya wanasayansi inayoishauri EPA iliuliza sentensi ile imesimama juu ya takwimu zipi. Ripoti ya mwisho, Desemba 2016, iliiondoa. Badala yake ilisema shughuli za frakingi zinaweza kuathiri maji ya kunywa katika mazingira fulani, ikayataja: kuchota maji mengi wakati wa ukame, kumwagika kwa vimiminika, visima visivyo imara, kusukuma vimiminika moja kwa moja ndani ya akiba ya maji ya chini ya ardhi, na kutupa maji taka ovyo. Iliongeza kuwa mapengo ya takwimu yanazuia kukadiria ni mara ngapi haya hutokea nchi nzima.

Tazama kilichotokea hapo. Kutokuwapo kwa vipimo kulisomwa kama kutokuwapo kwa madhara. Maeneo mengi hayakuwa na vipimo vya maji vya kabla ya uchimbaji, basi hata mtafiti mwaminifu hakuwa na cha kulinganisha nacho.

Frakingi husababisha matetemeko ya ardhi?

Inaweza, ila mfano unaotajwa zaidi ndio usiofaa sana. Oklahoma ilikuwa ikipata tetemeko moja au mawili ya ukubwa wa 3 au zaidi kwa mwaka. Mwaka 2015 yalizidi 800. Tarehe 3 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.8 lilitikisa Pawnee. Habari nyingi ziliandika frakingi. Wanajiolojia wa serikali ya Marekani walieleza kuwa chanzo kikuu kilikuwa kusukuma maji taka ya chumvi kwenye visima virefu vya kuyatupia, na sehemu kubwa ya maji hayo ilitoka na mafuta na gesi kutoka ardhini, wala hayakuwa yale yaliyotumika kupasulia mwamba. Jimbo lilipopunguza kiasi kinachosukumwa, matetemeko yakapungua.

Uingereza ni kinyume chake. Huko kupasua mwamba kwenyewe ndiko kulikotikisa ardhi: ukubwa wa 2.3 karibu na Blackpool, wilaya ya Lancashire, Aprili 2011, na 2.9 katika eneo la Preston New Road la wilaya hiyohiyo Agosti 2019. Ni matetemeko madogo, lakini lile la 2019 lilisikika ndani ya nyumba, na Novemba mwaka huohuo serikali ilisimamisha frakingi England. Mtu anayefananisha 2.9 na lori linalopita barabarani amekosea kusoma hali. Mkazi aliyeambiwa kwa miaka kuwa hatahisi chochote alihisi, na kuanzia hapo haamini tena maneno yanayobaki.

China imeona makubwa zaidi. Februari 2019, baada ya matetemeko yaliyoua watu wawili katika wilaya ya Rong, Sichuan, maelfu ya wakazi waliandamana na wilaya ikasimamisha uchimbaji. Habari hiyo ilipata nafasi ndogo nje ya China kuliko zogo la Lancashire, ambako hakufa mtu.

Je, ni safi kuliko makaa ya mawe?

Ikichomwa, ndiyo. Gesi hutoa karibu nusu ya kaboni dioksidi ya makaa kwa umeme uleule, na Marekani ilipunguza hewa chafu za mitambo ya umeme kwa kiasi kikubwa gesi ilipochukua nafasi ya makaa. Wanaoipinga frakingi wanapaswa kulikubali hili bila kuminya midomo.

Suala ni gesi inayovuja kabla ya kuchomwa. Methani hunasa joto zaidi ya mara 80 ya kaboni dioksidi ukipima kwa miaka 20, na takriban mara 30 ukipima kwa miaka 100. Mwaka 2011 Robert Howarth na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walikadiria kuwa asilimia 3.6 hadi 7.9 ya gesi ya mwamba tope huvuja, wakasema inaweza kuwa mbaya kuliko makaa. Lawrence Cathles, wa chuo hichohicho, aliongoza jibu lililopinga makadirio hayo. Magazeti yaliupenda ugomvi wa wanasayansi wa chuo kimoja, yakaacha kueleza kuwa sehemu kubwa ya tofauti yao ilikuwa uchaguzi wa kupima kwa miaka 20 au 100.

Mwaka 2018 utafiti mkubwa katika jarida la Science ulikadiria uvujaji wa sekta nzima ya mafuta na gesi Marekani kuwa karibu asilimia 2.3 ya gesi inayozalishwa. Ni chini ya alivyosema Howarth, na ni takriban asilimia 60 juu ya hesabu za serikali za wakati huo.

Tafiti za maoni zinaonyesha watu wanafikiri nini?

Kwanza zinaonyesha kuwa wengi hawakuwa na msimamo. Katika utafiti wa kitaifa uliofanywa Marekani mwaka 2012, zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakujua kama wanaunga mkono au wanapinga. Walioona mambo kwa jicho la mazingira walipinga. Waliofikiria kazi na bei ya nishati waliunga mkono. Utafiti huo ulikuta pia kuwa waliosoma magazeti mara kwa mara walielekea kupinga, na waliotazama habari za televisheni mara kwa mara walielekea kuunga mkono. Usikimbilie kusema gazeti ndilo lililowabadilisha, kwani watu huchagua chombo kinachowafaa.

Baadaye misimamo ilikaza. Kampuni ya kura za maoni ya Gallup ilikuta Wamarekani wamegawanyika sawasawa mwaka 2015, asilimia 40 kwa 40. Machi 2016 waliopinga walifika asilimia 51 na waliounga mkono 36. Uingereza, utafiti wa serikali wa Desemba 2013 ulikuta asilimia 27 wakiunga mkono na 21 wakipinga. Machi 2019 waliounga mkono walikuwa 12, waliopinga 40. Katika miaka hiyo yote kundi kubwa lilibaki lile lisilounga mkono wala kupinga, na kundi hilo karibu halijawahi kuwa habari. Mwandishi aliyeandika kuwa Waingereza wote wameikataa frakingi alikuwa ameifuta karibu nusu ya waliohojiwa.

Ni kweli kwamba jibu hubadilika kutegemea jina linalotumika kwenye swali?

Ndiyo. Watafiti wa Marekani waliwagawa wahojiwa makundi mawili, wakawauliza jambo lilelile kwa majina mawili. Walioulizwa kuhusu uendelezaji wa mafuta na gesi ya mwamba tope waliunga mkono zaidi ya walioulizwa kuhusu frakingi. Kwa hiyo ukisoma asilimia yoyote, tafuta kwanza maneno ya swali.

Kwa nini Marekani iliruka mbele wakati sehemu kubwa ya Ulaya iligoma?

Jiolojia na miundombinu vina sehemu yao, lakini sababu inayosahaulika na waandishi ni nani mwenye mali. Sehemu nyingi za Marekani, mwenye shamba anaweza kumiliki madini yaliyo chini yake. Kampuni inapokuja hutia saini naye na kumlipa mrabaha, yaani sehemu ya mapato. Jirani yake asiye na haki ya madini anapata vumbi lilelile bila hundi. Vijiji vimegawanyika kwa mstari huo, na mwandishi anayemhoji mmoja tu hurudi na nusu ya habari.

Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1934, mafuta na gesi ya ardhini ni mali ya Taji, yaani ya dola. Mkazi wa Lancashire anabeba usumbufu na hana mrabaha wa kudai. Haikushangaza kuwa baraza la wilaya yake lilikataa mradi wa Preston New Road Juni 2015. Oktoba 2016 waziri wa serikali kuu aliubatilisha uamuzi huo. Denton, mji wa Texas wenye visima kila upande, ulipiga kura kukataza frakingi ndani ya mipaka yake Novemba 2014. Mei iliyofuata jimbo likapitisha sheria ya kuizuia miji kufanya hivyo.

Habari hizi mbili zilitangazwa kama vita vya sayansi dhidi ya hofu. Mimi nazisoma kama vita vya nani anaamua. Mtu anaweza kuamini kuwa kisima kitajengwa vizuri na bado akakataa, kwa sababu hakuulizwa.

Ufaransa ni mfano ulio wazi zaidi. Vibali vya utafutaji vya kusini, kuanzia Montélimar hadi karibu na nyanda za Larzac, vilitolewa Machi 2010 bila wenyeji kushirikishwa. Walipogundua, maelfu walikusanyika Ardèche mapema mwaka 2011, na Julai mwaka huo bunge likakataza frakingi, nchi ya kwanza kufanya hivyo. Kampuni moja ya Marekani ilipeleka shauri hadi Baraza la Katiba, ikashindwa Oktoba 2013. Waliosema Wafaransa waliogopa filamu hawakuuliza kwa nini vibali vilitolewa bila wenyeji kushirikishwa.

Takwimu za akiba ya gesi zinazotangazwa zinaaminika?

Zipokee kwa tahadhari kubwa, hasa ile ya kwanza. Mwaka 2011 taasisi ya takwimu za nishati ya Marekani ilikadiria kuwa Poland ina gesi ya mwamba tope inayoweza kuchimbwa ya takriban mita za ujazo trilioni 5.3. Magazeti ya Warsaw hadi London yaliandika kuhusu nchi itakayojikomboa kutoka gesi ya Urusi. Machi 2012 taasisi ya jiolojia ya Poland yenyewe ilitoa makadirio ya mita za ujazo bilioni 346 hadi 768. ExxonMobil iliondoka mwaka huohuo, Chevron ikafuata mwaka 2015.

Karoo, Afrika Kusini, iliandikwa hivyohivyo. Makadirio ya mwaka 2011 yalikuwa futi za ujazo trilioni 485, yakashushwa hadi 390 mwaka 2013. Mwaka 2017 wanajiolojia waliochunguza miamba yenyewe walikuja na takriban trilioni 13, kwa sababu volkeno ya kale ilikuwa imeupika mwamba na kuipoteza sehemu kubwa ya gesi. Ile 485 ilishatumika miaka mingi kwenye hotuba kuhusu ajira na utajiri. Serikali ilisimamisha utoaji wa vibali Aprili 2011, ikaondoa zuio Septemba 2012, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Rufaa ikafuta kanuni za frakingi kwa kuwa waziri aliyezitoa hakuwa na mamlaka hayo. Wafugaji wa kondoo wa Karoo, wanaotegemea maji ya chini ya ardhi pekee, waliishi miaka yote hiyo bila kujua kesho yao.

Makadirio ya mbali hayakuwa udanganyifu. Yalifanywa kwa ramani na mifano ya mahali pengine, na yaliyafichua mashaka yake katika kurasa ambazo hakuna aliyezinukuu.

Je, upande wowote umewahi kukemewa kwa kupotosha?

Pande zote mbili. Mamlaka ya matangazo ya Uingereza iliikosoa Cuadrilla, kampuni iliyochimba Lancashire, mwaka 2013 kwa madai kadhaa katika kijitabu chake. Mwaka 2017 shirika la kutetea mazingira la Friends of the Earth lilikubali mbele ya mamlaka hiyohiyo kutorudia madai ya kipeperushi chake kuhusu kemikali, saratani na thamani ya nyumba.

Upotoshaji wa kutosema, hata hivyo, umedhuru zaidi. Mwaka 2005 sheria ya nishati ya Marekani iliiondoa frakingi, isipotumia dizeli, katika usimamizi wa sheria ya maji salama ya kunywa. Kampuni ziliweza kuita baadhi ya kemikali siri ya biashara. Na malalamiko mengi yalimalizwa kwa fidia na mkataba wa kunyamaza. Familia moja ya kusini magharibi mwa Pennsylvania ililipwa dola 750,000 mwaka 2011 kwa makubaliano yaliyofungiwa. Magazeti mawili ya eneo hilo, likiwamo Pittsburgh Post-Gazette, yalienda mahakamani na mwaka 2013 kumbukumbu zikafunguliwa. Ndipo ilipojulikana kuwa wakili wa kampuni alikuwa amesema mahakamani kwamba sharti la kunyamaza linawahusu pia watoto wawili wa familia hiyo, mmoja wa miaka 7 na mwingine 10. Kampuni ilisema baadaye kuwa haikukusudia hivyo.

Kwa hiyo mtu akikuambia kuwa hakuna visa vilivyothibitishwa, kumbuka kuwa vingine vilinunuliwa visithibitishwe.

Mjadala huu si umekwisha?

Uingereza ulifunguliwa tena kwa wiki chache mwaka 2022. Waziri mkuu Liz Truss aliondoa zuio Septemba, mrithi wake Rishi Sunak akalirudisha Oktoba. Argentina inaendelea kuchimba mwamba tope wa Vaca Muerta, Marekani inasafirisha gesi yake ya kimiminika kwa meli duniani kote tangu 2016, na kila bei ya gesi inapopanda magazeti huuliza upya kama makatazo yaondolewe.

Kampuni ikija eneo letu, tuombe nini kwanza?

Kabla ya ahadi za ajira na kabla ya maandamano, dai vipimo vya maji. Kila kisima, chemchemi na kijito kipimwe kabla mtambo wowote haujafika, na maabara isiyochaguliwa na kampuni, katika msimu wa mvua na wa kiangazi kwa sababu methani ya asili hupanda na kushuka. Kipimo kiwe na methani, ethani, isotopu za kaboni, kloraidi, bariamu na stronshiamu. Vipimo vya bakteria wa kinyesi vinavyofanywa kwa kawaida havitasaidia hapa. Nakala ya matokeo ibaki kwa mwenye kisima, iliyopigwa mhuri na yenye tarehe. Iandikwe katika makubaliano kuwa matokeo hayo hayatafungiwa na sharti lolote la usiri, na kwamba vipimo vitarudiwa kila mwaka hata baada ya kisima cha gesi kufungwa.